Bandari Katika Shamba la Bura

Balangdalalu,
Hanang.
11 Februari 2024

Mpwa wangu Fausta,

Pokea salamu kutoka nyumba hii, ambako wote tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mke wangu Agatha anakusalimu. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mama yako, dada yangu Letisia, bado anasumbuliwa na goti, ingawa mwenyewe anasema linamsumbua zaidi akiulizwa habari zake.

Najua utashangaa kuandikiwa karatasi wakati hata wachunga mbuzi wana simu. Kwanza, nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na nne na sijawahi kuona mtu akikata barua katikati ya sentensi, kama ulivyonikatia simu mwaka juzi baada ya msiba wa baba yako. Pili, jambo nililo nalo ni kubwa, na jambo kubwa linahitaji aya.

Amekuja kwetu mtaalamu wa maendeleo anayeitwa Wolfgang. Watu waliposikia jina hilo walifagia barabara, na mwenyekiti wa kitongoji akaazima kiti cha plastiki chenye mikono, tukijua anakuja Mjerumani. Mlango wa gari ulipofunguliwa akashuka kijana wa Dongobesh, akatuamkia kwa Kiiraqw. Jina alipewa na padri aliyembatiza. Kiti alikalia hivyo hivyo, kwa kuwa kilikuwa kimeshaazimwa.

Bwana Wolfgang ameutazama mfereji wetu mpya wa umwagiliaji, ule unaotoka bwawani, akasema unafanya nusu ya kazi yake. Alieleza kwamba nchi za wenzetu watu hupanda boti kwenye mifereji kwa starehe, wakila samaki na kupiga picha. Anataka mwisho wa mfereji tuchimbe beseni kubwa na kujenga marina. Marina ni bandari ndogo ya boti za matembezi. Nilipolitaja neno hilo nyumbani, Agatha aliniuliza Marina ni binti wa nani, akaninunia siku tatu.

Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya bandari kwa kura zote. Ni mama yako peke yake ambaye hakunyoosha mkono, kwa sababu ya goti.

Wewe unatengeneza boti huko Mwanza, kwa hiyo nakuuliza kama mtaalamu wa familia: boti ya watu wanane inahitaji maji ya kina gani? Na utakuja lini?

Mjomba wako,
Mwl. Bonaventura Sulle
(Mwenyekiti)


Mwanza,
8 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilifika baada ya wiki tatu, ikiwa imelazwa chini ya tenga la kuku la kondakta, na bahasha inathibitisha hilo. Mimi ni mzima. Karakana ina kazi nyingi; wiki hii nimefungua injini nne, na katika moja nimekuta samaki. Msalimie mama Agatha na umwambie Marina hana ukoo huko Hanang.

Mjomba, goti na mkono ni viungo viwili tofauti. Ulitufundisha wewe mwenyewe, darasa la tatu.

Kuhusu swali lako: boti ya watu wanane inataka maji ya kufika kiunoni mwa mtu mzima, na yafike kiunoni hata mwezi wa kumi. Kata ufito, uuchovye kwenye mfereji huo Oktoba. Ukiona ufito umetoka na vumbi, mwonyeshe Bwana Wolfgang.

Mimi pia nina maswali. Mfereji ulichimbwa kwa ajili ya mashamba. Beseni likijazwa, mashamba ya chini yatapata maji wapi? Mzee Gidabuday atanyweshea wapi ng'ombe wake, maana kiangazi hushuka na kundi zima kufuata maji huko chini? Na huo mwisho wa mfereji ni wapi hasa? Umeandika aya nyingi nzuri na hakuna hata moja inayotaja mahali.

Nikimpigia mama kwa simu ya jirani ananiambia, "Tuko salama," kisha anampa jirani simu yake. Kuhusu lini nitakuja, kazi ni nyingi.

Fausta


Balangdalalu,
19 Mei 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya majukumu. Barua yako ina makosa mawili ya tahajia. Nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu, utayaona ukija.

Huku mvua zimekuwa za kutosha, na mahindi yamesimama vizuri mpaka yamewapa watu kiburi. Agatha amepona mafua. Mama yako nilimwona kanisani Jumapili; alikaa benchi la mbele, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Sasa bandari. Eskaveta ilikuja, ikachimba siku sita. Watu waliacha palizi kuitazama. Beseni limekamilika, refu kama uwanja wa mpira wa shule, na kwa mvua hii limejaa. Gati la zege lipo, lina ngazi na vyuma vya kufungia kamba. Tumeweka ubao mkubwa wa rangi ya bluu: KARIBU BALANGDALALU MARINA. Chini yake kuna mchoro wa pomboo. Nilimwambia mchoraji hatuna pomboo, akasema ameshapiga rangi.

Nahodha tumempata, ni Onesphory aliyekuwa akiendesha trekta. Hajui kuogelea, lakini Bwana Wolfgang amesema nahodha mzuri haingii majini.

Mapokezi ya wageni yatakuwa juu ya lile jiwe kubwa bapa mfano wa meza. Wolfgang alifurahi sana kuliona, akasema wenzetu wanalipia saruji kupata kitu kama kile. Tutaliwekea turubai na viti.

Umeuliza habari za Gidabuday. Alikuja siku ya eskaveta, akasimama ukingoni na fimbo yake saa nzima. Bwana Wolfgang alimfuata akamweleza vizuri kwamba ng'ombe watatengewa kona yao, na kwamba watalii watapenda kuwaona kwa mbali. Gidabuday alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mimi, siyo yeye, "Mwalimu, hiyo boti hunywa mara ngapi kwa siku?"

Nilimjibu kwamba boti hainywi. Akasema kama hainywi basi haina haja ya kukaa majini, akaondoka.

Ni mzee wa zamani. Maendeleo yana lugha yake.

Tutafutie boti ya bei ya kawaida huko Mwanza.

Mjomba wako,
Mwl. B. Sulle


Mwanza,
10 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mzima. Msalimie mama Agatha.

Lile jiwe bapa mfano wa meza ni la baba yangu. Baba alianika mtama juu yake kila mwaka, na mimi nilikaa pale kufukuza ndege tangu sijaanza shule. Hakuna jiwe lingine kama lile Balangdalalu nzima. Kama mapokezi yako yapo juu ya jiwe, basi beseni liko kwenye shamba la vitunguu, na gati liko pale alipokuwa akifunga ng'ombe wa kulimia.

Umechimba bandari katika shamba la marehemu Bura. Hukuniambia, na mama hakuniambia.

Siku ya tatu ya matanga nilikaa nyuma ya jikoni nikisikia wazee wakisema Bura hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo shamba lisimamiwe na mwalimu mpaka mambo yatulie. Wewe hukukataa. Ndiyo maana nilikata simu, na ndiyo maana siji. Sasa umeshaambiwa.

Nijibu jambo moja tu. Mama alikubali?

Boti sitatafuta.

Fausta


Balangdalalu,
25 Agosti 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Ninaandika nikiwa na afya, ingawa jino la nyuma limeng'olewa na daktari wa meno aliyepita na pikipiki. Agatha amefungua genge la maandazi karibu na bandari, kwa matumaini. Yule ndama jike amekua. Upepo wa mwaka huu ni mkali, umeng'oa bati moja la kanisa. Padri amehamishwa, na mpya ana sauti nzuri lakini mahubiri yake ni marefu.

Boti tumepata. Bwana Wolfgang aliinunua mahali fulani ilikokuwa imepumzika, ikaja juu ya lori kupitia Katesh, na watoto wa shule wakaruhusiwa kutoka darasani kuipungia mikono. Ina tundu dogo ubavuni; Onesphory ameliziba kwa lami. Injini inakohoa, inazunguka kidogo, kisha inakufa. Wolfgang anasema inazoea hali ya hewa. Nakuomba kama mtaalamu uniambie tufanye nini.

Ufunguzi ni Jumamosi tarehe 19 Oktoba. Mgeni rasmi ni mfanyabiashara mwenye hoteli mbili, rafiki wa Wolfgang. Ni kweli kwamba maji yamepungua, kwa kuwa wa juu wanamwagilia maharage. Lakini kamati imeamua lango la kutolea maji chini ya beseni lifungwe kuanzia tarehe tano, ili mpaka siku ya sherehe beseni liwe limejaa. Ni majuma mawili tu. Wenye mashamba ya chini na wenye mifugo wameombwa uvumilivu.

Ujenzi wenyewe ni imara. Ukuta ni tuta la udongo ulioshindiliwa. Pale tu lilipopita bomba la zamani la baba yako tumejaza mchanga, maana saruji iliishia kwenye gati. Kwa nje tumepaka chokaa, huwezi kutofautisha.

Kuhusu lile swali lako, ukoo ulinikabidhi usimamizi, na msimamizi kazi yake ni kusimamia. Mengine ni mazungumzo ya ana kwa ana, siyo ya karatasi.

Wako,
Mjomba Bonaventura


Mwanza,
17 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia habari za jino, za bati na za padri. Umejaza ukurasa mzima kulizunguka swali langu bila kulikanyaga. Ungekuwa mwanafunzi wako ungejipa sifuri.

Injini: toeni plagi, zisafisheni, mbadilishe ile iliyoungua. Safisheni kabureta kwa petroli safi, siyo hiyo iliyokaa kwenye dumu la mafuta ya kupikia, najua mnakoiweka. Baada ya hapo itawaka. Siifanyii hisani bandari yako. Sipendi tu kusikia injini inauawa.

Mtu yeyote asipande boti hiyo bila jaketi la kuokolea, hata kama maji yanafika magotini. Lami haizibi fibaglasi, hiyo plastiki ngumu ya boti. Na mchanga siyo ukuta, Mjomba, hata ukiupaka chokaa.

Nimeongea na mama. Safari hii hakumrudishia jirani simu mpaka dakika ishirini zilipokwisha. Tulichozungumza ni chetu.

Kwenye ufunguzi sitakuwepo. Nawatakia upepo mwanana.

Fausta


Balangdalalu,
27 Oktoba 2024

Fausta mwanangu,

Marahaba. Wote ni wazima na hakuna aliyeumia. Nasema hivyo mapema kwa sababu huenda umesikia mengine.

Nitakueleza siku yenyewe ilivyokwenda. Nimejaribu kuieleza mara mbili na kuchana karatasi, kwa hiyo hii ni ya tatu.

Lango lilifungwa tarehe tano kama nilivyokuandikia. Beseni lilijaa polepole, na huko chini kila kitu kikakauka. Mama yako alikuwa na vitunguu katika kile kipande cha shamba kilichobaki nyuma ya tuta. Nilipita pale tarehe kumi na mbili, nikaona majani yamelala. Yeye alikuwa akibeba maji kwa ndoo kutoka kisimani, na goti lile. Nilimsalimia kwa mbali. Ng'ombe wa Gidabuday walikuwa wakienda upande wa lile ziwa la magadi asubuhi na kurudi jioni, na ziwa kiangazi hiki ni chumvi tupu na tope. Ndama wawili walikufa njiani. Alikuja kuniambia mwenyewe, kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Jumamosi watu walijaa. Kulikuwa na turubai, kwaya na spika mbili. Mgeni rasmi alikuja na miwani ya jua. Injini iliwaka kwa mara ya kwanza, kwa maelekezo yako. Tulipanda watu sita: mgeni rasmi na mkewe, Bwana Wolfgang, mtu wa kamera, Onesphory kwenye usukani, na mimi. Wote tulivaa majaketi ya rangi ya machungwa. Agatha alisema kutoka gatini tulifanana na maboga.

Tulienda mpaka katikati ya beseni. Hapo Onesphory akazima injini, na mgeni rasmi akasimama na kipaza sauti kusoma hotuba. Ilikuwa na kurasa saba. Alisema Hanang imefungua dirisha, na kwamba wananchi wa kawaida lazima wajifunze kufikiri kwa mapana. Ng'ombe wa Gidabuday walikuwa wamesimama ng'ambo, nyuma ya kamba tuliyofunga, na walikuwa wakilia kwa kuwa walikuwa wakinusa maji. Mgeni rasmi aliongeza sauti ya spika.

Alipofika ukurasa wa nne nilihisi boti imekaa chini. Nilitazama gati nikaona mstari wa maji ulivyoshuka, zege limebaki limelowa upana wa kiganja, halafu viganja viwili. Nikadhani ni macho yangu. Nikamtazama Wolfgang, naye alikuwa akitazama mahali pale pale, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Ndipo nikamwona dada yangu. Alikuwa juu ya tuta, pale penye bomba la zamani, amevaa kitenge chake cha kwendea kanisani, ana jembe. Sijui alikuwa amechimba kwa muda gani. Wote tulikuwa tumempa mgongo, tukisikiliza habari za dirisha. Mchanga ulikuwa umekwisha, na maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu, yakipita kwenye mtaro wa Bura kama yalivyokuwa yakipita zamani, katikati ya vitunguu, mpaka kule chini ng'ombe walikozoea kunywea. Gidabuday hakufungua kamba. Kundi lilizunguka lenyewe na kushuka.

Hakuna aliyemkimbilia. Wanaume walisimama tu. Nadhani kila mmoja alikuwa na kitunguu au ndama wake akilini. Kwaya haikujua kama iimbe au ikae.

Mgeni rasmi aliendelea kusoma mpaka ukurasa wa sita. Namheshimu kwa hilo. Wakati huo boti ilikuwa imelalia ubavu kwenye tope, na mkewe alikuwa ameshika viatu mkononi. Onesphory alijaribu kuwasha injini. Propela ikachota matope ikatumwagia sote, kurasa mbili za mwisho zikawa hazisomeki.

Letisia alitembea juu ya tuta mpaka akawa karibu nasi. Hakuwa na hasira usoni. Alijiegemeza kwenye jembe akasema, "Bona, shuka kwenye boti. Umekaa juu ya vitunguu vya Bura."

Hajaniita Bona tangu nilipoanza ualimu.

Nilishuka. Tope lilinifika mapajani na likachukua kiatu changu kimoja. Nilipofika ukingoni alikuwa ameshaondoka, amerudi shambani kuelekeza maji kwenye matuta yake. Wolfgang aliondoka jioni ile ile na gari la mgeni rasmi, wote kwenye viti vilivyofunikwa magazeti. Nasikia sasa yuko kijiji kingine anawashauri juu ya magari ya kuning'inia kwenye waya.

Sasa lile swali lako. Hapana, mama yako hakukubali. Sikumuuliza. Niliweka saini kwanza kwenye karatasi ya kutoa shamba, kisha nikampelekea. Aliniomba nimsomee yote, kwa sababu macho yake hayaoni herufi ndogo. Nilimsomea aya mbili za mwanzo, za pongezi, nikamwambia zilizobaki ni hizo hizo. Nimefundisha watu wazima kusoma kwa miaka mitano katika madarasa ya jioni, Fausta, na nilimfanyia hivyo dada yangu.

Kuna jambo moja linanisumbua. Tuta ni refu, lote limepakwa chokaa. Nani alimwonyesha pa kuchimba?

Mjomba wako


Mwanza,
18 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mzima. Nimeisoma barua yako nikiwa chini ya boti ya mtu, nikacheka mpaka fundi mwenzangu akainama kunitazama. Kisha nikafika pale ulipomsomea mama aya mbili, nikaacha kucheka, na kazi ya siku hiyo sikuimaliza.

Wewe ndiye uliyemwonyesha. Uliniandikia mwenyewe palipo na mchanga, kwa mwandiko mzuri. Mama aliniuliza kama liko mahali tuta linaweza kufunguliwa bila kubomoka lote na kufagia mashamba ya watu, nikamsomea barua yako. Nilimsomea yote. Nikamwambia achimbe kutoka juu kwenda chini, polepole, asimame upande wa kushoto, na kama kuna watu botini asianze mpaka kila mmoja awe amevaa jaketi. Siku na saa alichagua mwenyewe. Nilimshauri aende asubuhi ya Ijumaa, watu wasipokuwepo. Alisema Ijumaa hakuna mashahidi.

Sasa nasikia kamati yako imeitisha mkutano wa kijiji kueleza kwamba kulikuwa na hitilafu ya kiufundi. Mjomba, mama yangu siyo hitilafu ya kiufundi.

Nenda kwenye mkutano huo. Simama. Sema ulichokifanya kwa sentensi moja, yenye kiima na kiarifu, isiyo na neno "lakini." Kisha rudisha usimamizi wa shamba mbele ya ukoo, na karatasi iandikwe jina la Letisia. Ukifanya hivyo nitakuja Krismasi. Usipofanya nitakuja hata hivyo, na nitapitia kwanza baraza la ardhi.

Fausta


Balangdalalu,
15 Desemba 2024

Fausta,

Marahaba. Mvua zimeanza vizuri, na Agatha amerudisha genge lake la maandazi sokoni, ambako kuna watu.

Nilienda kwenye mkutano. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa tatu, nimeiweka mfuko wa ndani wa koti. Mwenyekiti wa kijiji alinipa nafasi baada ya habari za hitilafu. Nilisimama, nikaitoa, nikaiona aya ya kwanza jinsi ilivyokuwa nzuri, nikairudisha mfukoni. Nikasema, "Nilitoa shamba la dada yangu bila kumuuliza."

Nilibaki nimesimama, kwa sababu sijazoea kukaa baada ya sentensi moja. Watu walisubiri iliyobaki. Nyuma kabisa mtu alikohoa. Gidabuday, ambaye si mtu wa mikutano, alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba sasa tuzungumzie maji. Wakazungumzia maji saa tatu nzima. Beseni litabaki kuwa akiba ya mashamba, lango litafunguliwa kila siku, na upande wa mtaro itajengwa birika ya mifugo. Mama yako ndiye atakayeshika ufunguo wa lango. Alipendekezwa na Onesphory. Safari hii mikono yote ilinyooshwa, pamoja na wangu.

Karatasi ya shamba imebadilishwa mbele ya wazee wa ukoo. Mmoja alianza kusema habari za mtoto wa kiume, Agatha akamuuliza ni mtoto gani wa kiume aliyewahi kutengeneza injini katika ukoo huu. Jina ni Letisia, na baada yake Fausta. Nimeandika mwenyewe na kumsomea yote, herufi kwa herufi, mpaka mhuri. Aliweka saini yake, siyo dole gumba.

Boti imegawiwa ndama wa Gidabuday, wanakula pumba humo ndani.

Uje Krismasi. Basi la asubuhi kutoka Singida ndilo bora. Sitakudanganya kwamba mambo yamekuwa kama zamani. Siku iliyofuata mkutano nilienda shambani kwa mama yako saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikamkuta anapalilia maharage. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." Hakuitikia. Alinitazama viatu, akanitazama mikono, akaenda kuchukua jembe la pili, akanionyesha mstari wangu.

Nimepalilia siku tisa sasa. Mgongo wangu umekuwa kama wa mtu mwingine. Kila asubuhi namwamkia, na kila asubuhi ananionyesha mstari. Jana mstari wangu ulikuwa ule unaofuatana na wake.

Kesho nitamwamkia tena.

Bona